Kosa la Wimbo wa Tatu, Upande wa Pili

Katika santuri ya mjukuu wangu, upande wa pili, wimbo wa tatu, kuna mlio ambao haukupigwa na mtu yeyote. Mimi niliusikia kabla santuri hizo hazijafyatuliwa, wakati ambapo neno moja lingetosha kuuzuia. Neno hilo sikulisema. Mjukuu huyo ndiye anayeandika maneno haya, kwa sababu mimi sikusoma. Sharti alilonipa ni kwamba niseme yote, naye hatapunguza. Sharti langu kwake ni kwamba asiongeze. Asinitetee wala asinipambe. Nikisema nilikosea, aandike nilikosea, tuendelee.

Sikukaa darasani hata siku moja. Baba yangu alikuwa na ng'ombe, na ng'ombe walihitaji mtu. Nilipokuwa kijana wa kuoa, niliajiriwa kwenye mashine ya kusaga ya kijiji chetu, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, nikaisimamia kwa zaidi ya miaka thelathini. Mzee aliyenifundisha kazi hakupenda maneno. Alinisimamisha nje ya kibanda, akanigeuza nitazame shamba, akasema, "Niambie inasaga nini." Baada ya mwaka mmoja niliweza kumwambia kama ni mahindi au ulezi, kama mahindi yamekauka au yana unyevu, kama nyundo moja imelegea, kama chekeche limetoboka. Mkanda wa mashine yetu ulikuwa umeunganishwa kwa kibanio cha chuma, na kila kibanio kilipopita juu ya puli kiligonga. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna shule ingenifundisha kwa uhakika zaidi: mlio wa nafaka hubadilika kadiri nafaka inavyoingia, lakini mlio wa mashine hurudi. Chochote kinachorudi kwa kipimo kilekile ni cha gurudumu.

Binti yangu aliniita Marekani baada ya mama yake kufariki. Tunakaa Adelphi, Maryland, ghorofa ya tatu, karibu na University Boulevard. Kazi yake ni kutunza wazee katika nyumba ya wazee, na akirudi hunitazama miguu kama anavyoitazama ya wale, akibonyeza vifundo kuona kama vimevimba. Mjukuu wangu ana miaka kumi na tisa. Asubuhi husoma chuo, na jioni hupiga gitaa la besi katika chumba ambacho kimetenganishwa na changu kwa ukuta mwembamba kama chapati. Noti nne. Nilizihesabu. Noti nne zilezile, kwa dakika arobaini, mpaka nikaanza kuziota.

Si kwamba sijui muziki. Nilipokuwa kijana, bendi zilifika mpaka kwetu kwa lori, na watu walitembea nusu siku kwenda kuzisikiliza. Zilikuwa na tarumbeta tatu, magitaa matatu, na waimbaji waliovaa sare iliyopigwa pasi. Bendi hizo zilikuwa za mashirika ya umma, za jeshi, za vyama vya wafanyakazi. Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Mwanamuziki akigombana na meneja aliondoka na shati lake tu, na wakati mwingine hata shati liliachwa, maana nalo lilikuwa la shirika.

Mjukuu aliniambia kwamba muziki wao unaitwa posti-panki. Nilimwuliza maana yake. Akasema kulikuwa na panki, muziki wa vijana wenye hasira, na huu ni ule uliokuja baadaye, hasira ilipoanza kufikiri. Nilimwuliza kama hasira hiyo, katika kufikiri kwake, ilishindwa kununua nyuzi mpya za gitaa. Hakucheka. Akaniambia pia kwamba wamepata lebo ya kuwatolea santuri, lebo ndogo ya kujitegemea. Neno kujitegemea nalijua. Nimelisikia likihubiriwa kwenye mikutano mingi kuliko idadi ya nywele nilizobaki nazo, na nimelilimia shamba la kijiji. Nilitaka kumwona huyo anayejitegemea.

Akaja. Alikuwa Mmarekani mtu mzima, mvi zake zimefungwa kisogoni, viatu amevivua mlangoni bila kuambiwa. Mchana hufanya kazi Sterling, katika yale majengo yasiyo na madirisha ambamo kompyuta zinanguruma usiku na mchana. Nyumba yake iko Manassas, ng'ambo ya mto Potomac, na lebo yake yote imo katika besimenti, chumba cha chini ya nyumba hiyo, kando ya mashine ya kufulia. Nilimkaribisha chai, kisha nikamwuliza yaliyonipasa kumwuliza. Mjukuu akatafsiri.

"Mkataba uko wapi?"

Yule bwana akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza.

"Anasema ndio huu," mjukuu akasema.

"Mkono si mkataba. Mkono ukivunjika?"

"Babu!"

"Mtafsirie."

Akamtafsiria. Bwana akacheka, akaeleza kwa maneno mengi, na mjukuu akayafupisha. "Anasema nyimbo ni zetu. Yeye hana chake ndani yake. Tukitaka kuondoka kesho, tunaondoka na kila kitu."

"Sasa yeye anapata nini?"

"Anasema anapata santuri."

Niliona ni mwendawazimu mwenye adabu. Lakini nilikumbuka yale mashati ya shirika, nikamwongezea chai.

Kabla hajaondoka alitaja utaratibu wake mmoja. Kiwanda, kabla ya kufyatua santuri zote, hutuma chache za majaribio. Kila mwanabendi huchukua mojawapo nyumbani akaisikiliza peke yake, mwanzo hadi mwisho. Na lazima awepo msikilizaji mmoja wa nje, mtu asiyeupenda muziki wenyewe, kwa sababu anayeupenda husikia anachokikumbuka, hasikii kilichopo. Yeye mwenyewe, alisema, hawezi kujitegemea kwa hilo: alipokuwa kijana alipiga muziki huohuo mbele ya amplifaya kubwa kwa miaka mingi, na milio myembamba haimfikii tena. Kisha akamwuliza mjukuu kitu, na mjukuu akanitazama kwa mashaka.

"Anauliza kama wewe unaupenda."

"Mwambie siupendi hata kidogo."

Yule bwana akafurahi kama aliyeonyeshwa dhahabu. Hivyo ndivyo nilivyopewa kazi, na sitaficha kwamba nilifurahi. Tangu nije nchi hii hakuna aliyekuwa ameniuliza ninachokijua kuhusu jambo lolote.

Wiki chache baadaye, kabla santuri za majaribio hazijafika, lilitokea la kuharibu. Bendi hufanya mazoezi katika chumba cha kukodi, kimojawapo cha vile vyumba vya mabati ambamo watu wa huku huweka samani wasizozihitaji na wasizotaka kuzitupa. Siku hiyo binti yangu alikuwa kazini, mjukuu hakutaka kuniacha peke yangu, akanichukua, nikakalishwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Walikuwa wanne: yeye na besi lake, msichana wa gitaa la solo, kijana wa dramu, ambaye wazazi wake walitoka El Salvador, na mwimbaji, kijana wa Kikongo, ambaye Kiswahili chake ni cha kwao lakini tunasikilizana. Nilisikiliza nyimbo nne bila kutikisika. Kisha nikasimama, nikasema kama ambavyo mtu mzima husema panapokuwa na kasoro. Uzi wa pili wa gitaa la solo umelegea. Mpiga dramu anachelewa. Na mwimbaji hana haja ya kugombana na maikrofoni, haijamkosea.

"Asante, Mzee," mwimbaji akasema, mkono kifuani. "Lakini ule uzi tuliulegeza ekspre."

"Ekspre ndiyo nini?"

"Makusudi, Mzee. Inatakiwa iume masikio kidogo."

"Imeshauma. Sasa kazeni."

Kijana akaangua kicheko. Wenzake wakataka kujua nimesema nini, akawaambia, wakacheka wote. Yule wa dramu akaanza kupiga kwa kufuata kipimo barabara, pa-pa-pa, kama bendi ya harusi, akinikonyeza. Msichana wa gitaa akakaza uzi wake mpaka ukalia kama paka, akaniinamia kwa heshima ya mzaha. Mjukuu wangu peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamisha uso, na shingo yake imeiva kwa aibu.

Ndani ya gari alisema, "Babu, naomba. Usiseme kitu tena kuhusu muziki wetu. Hata kimoja."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja."

"Nimesikia."

Mimi si mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. Nimejivunia hilo maisha yangu yote.

Santuri ya majaribio ilipofika, aliileta mezani kama mtu anayetimiza utaratibu wa ofisi. "Ni kwa ajili ya lebo tu," alisema. Ilikuwa mchana, binti yangu alikuwa amelala baada ya zamu, kwa hiyo nikavalishwa hedifoni. Mjukuu akaweka sindano, akaenda chumbani kwake. Nilikuwa na sinia la maharage mapajani, nikayachambua huku nikisikiliza. Upande wa kwanza ulikuwa mbaya kama nilivyoutarajia, lakini ulikuwa mzima. Nikaita, akaja kuigeuza, akaondoka tena.

Katika wimbo wa tatu, wote walipopunguza sauti na kubaki besi peke yake, nikasikia *tk*. Kidogo sana, kama mbegu inayopasuka kikaangoni. Kisha tena. Nikaacha maharage. Besi lilikwenda mbele, likapumzika, likarudi, na ule mlio haukulijali: ulikuja kwa wakati wake. Santuri ya majaribio haina picha. Karatasi yake ya katikati ni nyeupe tupu, isipokuwa alama moja ya kalamu ambayo mtu wa kiwandani ameichora. Nikaikazia macho ile alama. Kila ilipopita upande wa dirisha, *tk*. Mizunguko kumi na mmoja. Kisha ukaisha.

Sikuwa na shaka hata chembe. Ilikuwa kama nimesimama nje ya kibanda nikitazama shamba. Mlio ule haukuwa wa dramu, haukuwa wa gitaa, haukuwa wa ekspre. Ulikuwa wa gurudumu.

Mjukuu akatokea mlangoni. "Vipi, Babu? Iko sawa?"

Nilivua hedifoni, nikakunja waya wake polepole, nikamwambia, "Niletee chai."

Akaniletea. Akachukua simu yake, akawaandikia wenzake kwamba Babu amesikiliza na hana tatizo.

Kwetu mzee huulizwa jambo mara tatu. Akinyamaza mara ya kwanza, maana yake kuna kitu. Anayeuliza hukaa chini, hupunguza sauti, huuliza tena. Anayeuliza mara moja na kuondoka ameonyesha kwamba jibu hakulihitaji. Hayo ndiyo niliyojiambia siku ile nikinywa chai, na siku zilizofuata. Ni desturi ya kweli. Lakini mtoto huyu amezaliwa Maryland, amekulia Maryland, na mimi sikuwahi kumfundisha desturi hiyo. Nilijua hatauliza tena, na nilijificha ndani ya desturi kama mwizi anavyojificha ndani ya umati unaotoka kanisani. Mwanangu, usisite hapo. Andika "mwizi".

Nilingoja mwingine aseme. Walikuwa wanne wenye masikio machanga. Lazima mmoja angesikia. Zikapita wiki, kisha miezi, na hakuna aliyesema.

Masanduku yakafika Manassas. Siku ya kuzitia santuri ndani ya majalada, bendi yote ilikwenda, nami nikaenda, kwa sababu yule bwana aliniita kwa jina la kazi yangu: msikilizaji wa nje. Katika lebo kama hiyo hakuna mashine ya kukunja majalada. Majalada huja yakiwa kadibodi bapa, na watu hukaa kuzunguka meza wakikunja, wakigundisha, wakitia santuri, wakipitisha kwa jirani. Nilipenda kazi hiyo. Mikono yangu ni mizito lakini ni minyoofu, na kona zangu zilikuwa kali kuliko za vijana. Santuri yenyewe ilikuwa inazunguka kwenye mashine pembeni, ili kila mtu ajue anachokikunjia.

Kiingereza changu kinatosha kununulia mkate na kufuatia ugomvi. Ulipofika wimbo wa tatu wa upande wa pili, kijana wa dramu akamwambia msichana wa gitaa kitu, akitabasamu. Mwimbaji, aliyekaa karibu nami, akawa ananitafsiria kwa kunong'ona.

"Anamuuliza ile kelele ya tk-tk aliifanyaje na gitaa. Anasema ni nzuri sana."

Msichana akainua uso. Akasema haikuwa yake. Si ilikuwa fimbo ya dramu kwenye ukingo?

Si ya fimbo, akasema wa dramu.

"Mi nilizania ni weye uliitia," mwimbaji akamwambia mjukuu wangu kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kiingereza.

Mjukuu wangu alikuwa ameshika jalada nusu limekunjwa. "Mimi nilifikiri ni yeye," akasema, akimwonyesha yule bwana wa Manassas.

Wote wakamgeukia. Yeye alikuwa anatutazama tu, mtu mmoja baada ya mwingine, kwa sababu hakuwa amesikia mlio wowote.

Fikiria hasara ya adabu. Vijana wanne walisikia kosa, na kila mmoja akalisifu moyoni kama ubunifu wa mwenzake. Katika muziki ambao kila kasoro ina ruhusa, kasoro ya kweli ilipita katikati yao kama mgeni mwenye kadi ya mwaliko. Nilikasirika. Niliwakasirikia hao, kisha, kwa kuchelewa, nikakumbuka nani mwingine alikuwa amekaa mezani.

Bwana akauliza jambo kwa upole. Nilisikia neno nililolijua: *babu*. Alikuwa amejifunza kuniita hivyo.

Mjukuu hakunitazama. Alijibu haraka, kwa Kiingereza, na mwimbaji akaacha kunitafsiria. Sikuhitaji. Aligusa sikio lake huku akisema. Alikuwa anawaambia kwamba mimi ni mzee, kwamba masikio yangu hayafai tena, kwamba kosa ni lake yeye kukubali nipewe kazi hiyo. Bwana akatikisa kichwa kwa huruma, akajigusa sikio lake pia, akanitabasamia kama kiziwi kwa kiziwi mwenzake.

Nami nikatabasamu. Nikaendelea kukunja.

Kuanzia siku hiyo mtoto huyu alianza kuniambia mambo kwa sauti kubwa. Aliongeza sauti ya televisheni nikiingia. Alimwambia mama yake, na mama yake akaleta kifaa cha kuchungulia masikio kutoka kwa rafiki yake, akachungulia, akasema ni safi kabisa, labda tatizo liko ndani zaidi. Nilikuwa nikiyasikia maji yakipita ndani ya bomba la jirani. Niliwasikia wakinong'ona jikoni kama nipelekwe kwa daktari. Na mlio wa noti nne haukusikika tena ukutani, kwa maana mjukuu aliliweka besi nyuma ya mlango, likakaa huko.

Nilimsikia pia akimwambia mama yake kwamba anaondoka katika bendi. Kiwanda kilikuwa tayari kuzipokea santuri na kuziyeyusha, lakini foleni ya kufyatua nyingine ilikuwa ndefu, na kijana wa dramu anahamia chuo cha jimbo jingine kabla ya zamu yao kufika. Kwa hiyo ama santuri hii yenye kosa, ama hakuna santuri na pengine hakuna bendi. Bwana aliwaita Jumapili wakaamue, na katika lebo yake uamuzi hupita wakikubaliana wote. Hakuna kura ya wengi. "Mimi nitawaambia waamue bila mimi," alimwambia mama yake. "Ni mimi nilileta mtu asiyesikia."

Jumapili, tuliporudi kanisani, nikamwambia, "Nipeleke Manassas."

"BABU, NI MKUTANO WA BENDI."

"Usinipigie kelele. Nipeleke."

Tulikaa na bendi yote kwenye besimenti, masanduku yamepangwa ukutani. Kabla mjukuu hajafungua kinywa, mimi nikafungua changu. Nikamwambia atafsiri neno kwa neno.

"Mwambie huyu bwana kwamba masikio yangu ni mazima."

Akamwambia, akinitazama kwa wasiwasi.

"Mwambie kwamba mlio ule niliusikia siku ile uliponiwekea santuri."

Akafungua mdomo. Akaufunga. "Babu, unasema nini?"

"Mtafsirie."

"Ulisikia?"

"Mtafsirie kwanza."

Hakutafsiri. Alikaa akinitazama, mikono yake imelala mapajani kama ya mtu aliyetua mzigo asiojua ni wa nani. Yule bwana alitazama kwake, akatazama kwangu. Mwishowe kijana wa Kikongo akaweka kikombe chini, akasema kwa Kiingereza kile ambacho mjukuu wangu hakukisema.

"Endelea, Mzee," akaniambia.

Basi yaliyobaki yalipita katika kinywa cha mtoto wa watu. Nilisema kwamba nilihesabu mizunguko. Nilisema nilijua mlio ni wa gurudumu. Nilisema mjukuu wangu aliniuliza, nami nikaomba chai. Nilisema sikusahau wala sikuchanganyikiwa. Nilikuwa nimekasirika kwa kuchekwa na kunyamazishwa, nikaitumia kazi niliyopewa kulipiza. Na kwamba walipomwona mjukuu kuwa ndiye mwenye kosa, kwa sababu ya masikio yangu, nilimwacha alibebe.

Bwana akauliza swali moja.

"Anauliza mizunguko mingapi," mwimbaji akasema.

"Kumi na mmoja."

Akaguna. Mwimbaji akasema, "Anasema mpaka leo yeye haisikii. Anaiamini tu kwa sababu wengine walimwambia."

Ndipo msichana wa gitaa akaanza. Alisema kwa muda mrefu, akinielekezea kidole, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Anasema amekasirika," mwimbaji akasema.

"Amesema zaidi ya hapo."

"Amesema zaidi, Mzee. Yale mengine hayatafsiriki."

"Ana haki nayo yote. Mwambie."

Walibishana mpaka chai ikapoa mara mbili. Mjukuu wangu alisema mara moja tu, kwa Kiingereza, bila kunitazama, na mwimbaji akaona ni haki nielewe: "Anasema alikuja hapa kuondoka kwa sababu aliamini makosa ni yake. Sasa hana sababu ya kuondoka." Mpiga dramu akapiga goti lake kwa kiganja. Uamuzi wa mwisho ulikuwa kwamba santuri zitoke kama zilivyo, na ndani ya kila jalada iwemo karatasi inayosema wazi: katika wimbo fulani kuna mlio, si wa makusudi, ulipita kwa uzembe wetu. Msichana wa gitaa ndiye aliyekubali mwisho kabisa, kwa sharti kwamba mimi nisisikilize tena santuri yao yoyote kabla haijatoka. Bwana alinitazama kuona kama nitapinga. Sikupinga. Nikaomba nipewe karatasi nizitie mimi mwenyewe, na nilizitia zote, sanduku baada ya sanduku, mpaka vidole vikakataa kukunjuka. Hakuna aliyenizuia na hakuna aliyenisaidia.

Njiani kurudi mjukuu hakuwasha muziki. Magari yalijaa barabarani kama kawaida ya Jumapili jioni. Tulipokuwa juu ya daraja la mto Potomac, tukiingia Maryland, akasema kwa sauti yake ya zamani, ile ya kuzungumza na mtu anayesikia.

"Uziwi ningeusamehe, Babu. Uziwi si kosa la mtu."

Nikageukia dirisha, nikaanza kuhesabu.

Mimi sisomi vibao vya barabarani. Nahesabu madaraja yanayopita juu yetu, na nyumbani nakujua kwa hesabu hiyo. Alikuwa anaendesha macho mbele, taya imebana, na daraja letu likapita, na njia ya kutokea ikapita chini yake.

"Umeipita njia yetu, New Hampshire," nikasema.

"Nimeona."

"Hukuona."

Akatazama kioo cha pembeni.

"Sikuona," akasema, akawasha taa ya kukunja kulia. Tukatokea njia iliyofuata, tukarudi kwa kupitia taa nyekundu moja baada ya nyingine, na hakunisemesha tena mpaka mlangoni, alipouliza kama nina ufunguo.